Mawese Kwenye Turbo ya Bi Tausi

Ipo siku moja hainitoki, mwanangu. Ni siku niliyovutwa kwa kamba kutoka mlima wa Manyovu mpaka Mwanga sokoni, hapa Kigoma, mchana kweupe, nikiwa nimekaa ndani ya pikapu niliyoiua kwa mikono yangu mwenyewe. Nitakusimulia yote, wala sitajipendelea. Ila kwanza nikuombe radhi kwa yale ya juzi, hapa gerejini kwangu.

Ulikuja na gari lako dogo la turbo, ukafungua boneti kwa furaha, ukatuonyesha bomba la maji la plastiki ulilolikunja mwenyewe kwa moto wa jiko. Limetoka kwenye turbo, limepita nyuma ya taa, likaenda kuchungulia chini ya bampa ili livute hewa ya baridi. Mdomoni umelivalisha soksi ya mpira wa miguu iwe chujio. Mafundi wangu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakakuuliza gari hilo linacheza namba ngapi. Ukafunga boneti, ukasema, "Poa tu, wakubwa," ukaondoka.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu na kikombe cha chai, na sikusema neno. Tena nilitabasamu. Mimi, Mama Leka, mwanamke wa miaka sitini kasoro, ninayejulikana na madereva kuanzia Kibirizi mpaka Mwandiga, nilikaa nikatabasamu pamoja na wanaomcheka kijana aliyethubutu. Nimejionea aibu tangu siku hiyo.

Sasa nasikia gari umelificha nyuma ya nyumba ya dada yako, geti umelifunga, unaendelea na kazi peke yako na hutaki fundi yeyote aone. Habari hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye kiti. Bomba lako halinitishi hata kidogo. Kinachonitisha ni hilo geti kufungwa, kwa sababu na mimi niliwahi kufunga langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa najifunza ufundi kwa Mzee Sadiki, mtu wa Ujiji ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mtu mfupi, mkimya, kofia yake nyeupe haijawahi kushika doa la oili mbele ya macho yangu, na sijui alifanyaje. Gereji ilikuwa na mafundi wanaume sita, na mimi binti wa Kiha kutoka Simbo, Leokadia, ambaye wote walimfupisha wakamwita Leka. Kulikuwa na mmoja, Hamisi, mdomo wake haukuwa na breki. Kila mteja mpya alimwambia, "Huyu alikuja kujifunza kuosha vyombo, tukampa vya chuma." Mteja anacheka, mimi nainamisha kichwa naendelea kufungua nati. Nilijifunza kuinamisha kichwa vizuri sana, na sikushauri ujifunze.

Mteja wetu mmoja alikuwa Bi Tausi wa Ujiji, mfanyabiashara wa dagaa. Aliendesha pikapu yake mwenyewe, mtandio kichwani na mkono mmoja nje ya dirisha, enzi ambazo mwanamke akishika usukani watoto wanamkimbilia kumtazama. Pikapu ilikuwa ya dizeli, na ilikuwa na turbo, jambo geni kwetu wakati huo. Alipakia dagaa wakavu kupeleka gulioni Manyovu, kule juu karibu na Burundi, akarudi na maharage na ndizi. Malalamiko yake yalikuwa yale yale kila alipokuja: asubuhi gari lina nguvu, jua likipanda tu, milimani linahema.

Nililiwaza jambo hilo wiki nzima. Nikaweka mkono pale gari linapovutia hewa, chini ya boneti, injini ikiwa imetoka safari. Nikautoa haraka. Palikuwa na moto. Nikaelewa, mwanangu, na raha niliyoipata siku ile sijaisahau. Hewa ya moto imekonda, ya baridi imeshiba. Kazi ya turbo ni kuvuta hewa na kuisindilia ndani ya injini, sasa ukiilisha hewa iliyokonda itasindilia nini? Nikaona kwamba nikitengeneza bomba la kuvuta hewa kutoka mbele, mbali na joto la injini, gari la Bi Tausi litapanda mlima mchana kama linavyopanda asubuhi.

Nikamweleza Mzee Sadiki mbele ya wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaani waliounda gari hili walikaa wakikungoja wewe uzaliwe Simbo?"

Gereji nzima ikalipuka kwa kicheko. Hamisi alipiga ngoma kwenye mlango wa gari. Nami nikajifunga mdomo, nikaapa kwamba nitalitengeneza bomba hilo wasijue, na watakuja kulijua siku watakapoona pikapu inawapita mlimani. Hapo ndipo nilipokosea. Kulitengeneza bomba hakukuwa kosa, na mpaka leo akija mtu kuniambia kulikuwa kosa nitamwonyesha mlango. Nilikosea nilipochagua kujificha.

Bi Tausi nilimwambia pembeni kwamba naweza kulipunguzia gari kuhema. Akanitazama. "Unajua unachokifanya?" Nikasema najua. "Basi fanya. Gari ni langu, simwombi mtu ruhusa."

Bomba nililipata kwenye mfereji wa bati wa nyumba iliyokuwa inabomolewa. Mafundi bati wa Mwanga, wale wanaotengeneza ndoo na majiko, wakanilehemia kona mbili. Viungio nilikata mpira wa ndani wa tairi. Kwa chujio nilichukua kopo kubwa la bati, nikalitoboa, nikajaza kipande cha sponji la godoro. Ila sponji kavu halizuii vumbi, na barabara ya Manyovu wakati huo ilikuwa vumbi jekundu mwanzo mwisho. Nilishaona kwenye pikipiki, sponji la chujio hulowekwa oili ili vumbi linase. Oili safi ilikuwa ndani ya kabati la Mzee Sadiki, kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwake. Nikiomba oili ataniuliza ya nini. Nikisema ya nini, watacheka tena.

Kwa hiyo sikuomba. Nilikwenda nyumbani Simbo, nikachukua mawese ya mama yangu, nikayachemsha, nikalichovya sponji likanywa likashiba. Nilijiona mjanja. Mafuta ni mafuta, nilijiambia.

Ijumaa wenzangu walipokwenda kuswali, na wawili Wakristo wakaenda kula, nikabaki peke yangu. Kwa saa moja nikafunga bomba, nikaweka kopo langu mbele kabisa, upande wa pili wa rejeta, panapopigwa na upepo. Boksi la zamani la chujio nikaliacha mahali pake, tupu, ili atakayefungua boneti asione pengo. Unaona jinsi nilivyokuwa na akili? Zote nilizimalizia kwenye kuficha.

Alfajiri ya kesho yake tukaondoka, Bi Tausi kwenye usukani na mimi kando yake, dagaa nyuma mpaka juu. Mwandiga tuliipita gari linaruka. Bi Tausi alicheka peke yake. "Leka! Hili ni gari langu kweli, au umenibadilishia?" Nilikaa nimevimba kwa majivuno, natazama mbele, moyoni namtafuta Hamisi nimwonyeshe.

Tukaanza kupanda. Kule juu miezi ile ya kipupwe kuna ukungu, na baridi yake unaijua, unaongea mvuke unatoka mdomoni. Nikasikia turbo inapiga mluzi mwembamba ambao sikuwahi kuusikia. Nguvu ikaanza kushuka. Bi Tausi akarudisha gia, moshi mweusi ukatoka nyuma, mluzi ukazidi. Kisha kukawa na mlio mmoja wa kukwaruza, chuma kikalia, na gari likafia kwenye kona, pua imeelekea juu. Nikaruka chini kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi.

Nilipofungua kopo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Mawese yalikuwa yameganda, manjano, magumu, vumbi limejaa juu yake, hakuna hata tundu la kupitisha hewa. Turbo ilivuta ikakosa, ikavuta zaidi, mwisho ikalinyofoa sponji lenyewe na kulimeza vipande vipande, na vile vijipanga vyake vyembamba vinavyovuta hewa vikapinda.

Sasa nisikilize. Mama yangu alikuwa anauza mawese. Kila asubuhi aliyatoa nje chupa kwa chupa na kuyaanika juani ili yayeyuke, wateja wakija yamiminike. Na aliyekuwa anazibeba chupa hizo tangu nina miaka sita ni mimi. Hakuna mtoto wa Kigoma asiyejua kwamba mawese huganda kwa baridi. Na kazi yote ya bomba langu ilikuwa kuleta baridi! Nililia pale barabarani, na sioni haya kukwambia.

Bi Tausi hakunipigia kelele. Kwanza alishusha magunia mawili, akatandika turubai, akaanza kuwauzia dagaa watu waliokuwa wanapita kwenda gulioni, kana kwamba alipanga duka lake liwe pale konani. Alipopata nafasi akaja akakaa kwenye jiwe karibu yangu.

"Uliweka nini humu ndani?"

"Mawese, Bi Tausi."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna."

"Hata mimi mwenye gari." Akafuta vumbi kwenye mtandio wake. "Ningekwambia, mwanangu. Nimepanda huku miaka mingi, mawese ninayobeba huwa yanafika yameganda. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Alikuwa na jibu tangu mwanzo, alikaa nalo kando yangu njia nzima, na mimi sikuuliza.

Lori la ndizi lililokuwa linashuka likatuvuta. Tulipita Mwandiga watu wanatuchungulia, tukaingia Mwanga saa za soko limejaa. Gerejini Mzee Sadiki akafungua boneti mwenyewe. Harufu ilitoka kabla hajauliza lolote. Hamisi akainama, akanusa, akapiga makofi. "Jamani! Turbo imekaangwa! Leteni ugali!"

Mzee Sadiki akainua mkono, wakanyamaza.

"Kwa nini mawese?"

"Oili ilikuwa kabatini, Mzee."

"Na ufunguo?"

"Mfukoni mwako."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Asubuhi ya Ijumaa hukuniamkia?"

"Nilikuamkia, Mzee."

"Kumbe mdomo ulikuwa nao." Akafunga boneti taratibu. "Ungekosea mbele yangu ningekufundisha. Umekosea nyuma yangu, umemkwamisha mama wa watu mlimani. Nenda nyumbani, Leka."

Nililifungua bomba langu, nikalibeba, nikaenda Simbo kwa miguu, kusudi nisikutane na mtu kwenye gari. Mama alikuwa anakoroga mafuta jikoni. Nikamweleza yote, nikasema sirudi tena, watanicheka mpaka nizeeke. Alikoroga kwanza. Kisha akaniuliza, "Spana zako umeziacha huko?"

"Ego, mama, nimeziacha."

"Basi kesho utazifuata." Hakunipa pole wala hakunikaripia, aliniwekea ugali tu.

Sikwenda kesho yake, nakiri. Nilikwenda siku ya tatu. Nilichagua saa ambayo mafundi wote wapo na wateja wapo. Nilibeba bomba langu begani, nimelisugua kwa majivu na sabuni mpaka harufu ya mawese imetoka, na kwapani kipande kipya cha sponji. Nikasimama katikati ya gereji, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Shikamoo, Mzee Sadiki. Naomba oili nusu kikombe. Nataka kutengeneza tena bomba la hewa baridi la gari la Bi Tausi. La kwanza niliharibu kwa sababu nilijificha. Hili nalitengenezea hapa, mnaniona wote."

Unajua walifanya nini? Walicheka, ndiyo. Hamisi alicheka mpaka machozi. Nami kwa mara ya kwanza sikuinamisha kichwa. "Hamisi," nikamwambia, "cheka uchoke, halafu uje unishikie hili kopo." Sasa kicheko kikamgeukia yeye.

Mzee Sadiki akamtazama Bi Tausi, aliyekuwa amekuja kuuliza habari za gari lake. Bi Tausi akasema, "Mimi nataka bomba langu. Ila safari hii akikosea nataka mkosee wote." Ndipo Mzee akaingiza mkono mfukoni, akanirushia ufunguo. "Ukimaliza, funga."

Mwanangu, nililitengeneza bomba lile katikati ya kelele na dhihaka, na kila mwenye dhihaka alikuwa na jambo la kunifunza. Mmoja alisema kopo langu liko chini mno, mvua ikinyesha injini itakunywa maji, nikalipandisha. Mwingine akaona kiungio cha mpira kitajikunja ndani turbo ikivuta, tukatafuta mpira mnene wa rejeta. Na Hamisi, huyo huyo Hamisi, akashika sponji akasema kwa kejeli, "Na hili nalo likinyofoka tena, utamwambia nini Bi Tausi?" Kisha yeye mwenyewe akaenda kukata kipande cha wavu wa chuma, akakiweka nyuma ya sponji ili hata likichanika lisifike kwenye turbo. Lilikuwa wazo zuri kuliko yangu yote. Turbo nyingine tuliitoa kwenye gari bovu lililolala nyuma ya gereji, Mzee akanisimamia nikaifunga mwenyewe.

Tulipanda tena Manyovu watatu mbele: Bi Tausi, mimi katikati, na Mzee Sadiki dirishani na kofia yake. Safari hii tuliondoka mchana, jua kali, dagaa nyuma mpaka juu. Tulipoikaribia ile kona nilianza kutega sikio kusikiliza mluzi. Nikasema, "Bi Tausi, tusimame kidogo nikague chujio."

"Hapa nilishasimama vya kutosha," akasema. "Leo sisimami." Akakanyaga.

Tukaipita kona. Gari halikuhema mpaka juu. Tulipofika, Mzee Sadiki akashuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya bomba langu la bati na kukiacha hapo.

"Baridi," akasema. Kisha akaenda kununua maharage.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Watakwambia gari la turbo halichokonolewi. Lichokonoe. Watakuuliza kama waliounda gari walikungoja wewe uzaliwe. Waambie ndiyo, waliningoja, maana wao hawajawahi kula vumbi la Kasulu wala kupanda Manyovu na mzigo. Asikudanganye mtu kwamba sisi wa huku kazi yetu ni kununua vilivyotengenezwa na kuviogopa. Lakini kifanye unachokifanya mbele ya watu. Ukiona unatafuta saa ambayo wenzako hawapo, acha spana chini, jiulize unakwepa nini. Mimi nilikwepa kicheko cha dakika mbili, nikalipa kwa turbo ya mtu aliyeniamini.

Na kwa kuwa juzi nilinyamaza, leo nasema. Hilo bomba la plastiki limekaa karibu mno na turbo, litalegea kwa joto na kubonyea. Tutaanza kwa chuma pale karibu, plastiki ije mbele. Mdomo wake chini ya bampa utakunywa maji siku ya kwanza ya mvua. Soksi itupe, au mrudishie mwenye timu. Wazo lako lenyewe ni zima, na njia uliyolipitishia bomba nyuma ya taa ni nzuri, mimi nisingeiona.

Lete gari Jumatatu saa nne asubuhi, watu wote wakiwepo. Vijana wangu watacheka, nimeshawaambia wacheke huku wamekushikia tochi. Nami nitakuwa nimesimama kando yako, kiti nimekitoa. Ukihitaji oili, kabati liko wazi. Tangu nifungue gereji hii sijawahi kuliwekea kufuli, na sasa unajua sababu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, aiepushe na moto na vyuma vikali. Akupe ujasiri wa kuuliza palipo na watu. Akupitishe salama kwenye kila kona ulipowahi kukwama, na ukifika hapo usisimame.